Sentimita ya tovuti si sentimita ya rula

KATIKA vichochoro vya Kisumu Ndogo, mojawapo ya vijiji vya mtaa wa Kibera jijini Nairobi, vipimo ni suala la kila siku. Chumba cha kupanga hutajwa kwa futi, kumi kwa kumi. Fundi cherehani huning'iniza futi kamba shingoni na kuhesabu inchi. Mahindi na maharagwe huuzwa kwa gorogoro, mkebe unaokadiriwa kubeba kilo mbili.

Mnunuzi mwangalifu wa Kisumu Ndogo hutazama kitako cha mkebe kabla ya kutoa pesa. Anajua kwamba mkebe uliobonyezwa kwa ndani bado huitwa gorogoro, ilhali kilichomo kimepungua.

Watengenezaji wa kurasa za mtandao nao wana gorogoro yao. Ni sentimita, milimita, inchi na pointi zinazoandikwa katika maagizo ya kupamba ukurasa. Majina ni yale yale tuliyofundishwa shuleni, lakini ukiweka rula juu ya kioo cha tarakilishi au simu, mara nyingi utapata kipimo kingine. Makala haya yanaeleza vizio hivyo ni vipi, kwa nini hutofautiana na rula, na ni wapi vinaweza kutegemewa.

Vizio vyenyewe

Mwonekano wa kurasa za mtandao huongozwa na lugha ya mitindo ijulikanayo kwa herufi CSS. Ndiyo inayoamua ukubwa wa herufi, upana wa safu, rangi na nafasi kati ya aya. Lugha hiyo hutambua vizio halisi saba:

- cm, yaani sentimita.
- mm, yaani milimita, sehemu ya kumi ya sentimita.
- Q, yaani robo ya milimita.
- in, yaani inchi, ambayo ni sentimita 2.54.
- pt, yaani pointi, sehemu moja ya 72 ya inchi.
- pc, yaani paika, ambayo ni pointi 12. Paika sita hufanya inchi moja.
- px, yaani pikseli, sehemu moja ya 96 ya inchi.

Uhusiano kati ya vizio hivi haubadiliki kamwe. Inchi moja ni pikseli 96, sentimita moja ni takriban pikseli 37.8, na pointi 12 ni pikseli 16. Kinachobadilika ni ukubwa wa fungu lote machoni pa msomaji.

Urithi wa wapiga chapa

Pointi na paika hazikuzaliwa na mtandao. Ni vipimo vya wapiga chapa wa zamani, waliopanga herufi za risasi kwa mkono na baadaye kwa mitambo. Sisi tuliokulia katika vyumba vya habari tulizijua kabla ya kuijua tarakilishi, kwani safu ya gazeti ilipimwa kwa paika, na kichwa cha habari kwa pointi.

Hata enzi hizo kipimo hakikuwa kimoja. Pointi ya Marekani ilikuwa sehemu moja ya 72.27 ya inchi, na ile ya Didot iliyotumiwa Ufaransa na nchi nyingine za Ulaya ilikuwa kubwa zaidi, takriban milimita 0.376. Lugha ya uchapishaji ya PostScript, iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1984, ndiyo iliyoeneza pointi ya 72 kamili kwa inchi. Inchi yenyewe ilikubaliwa kuwa milimita 25.4 kamili mwaka wa 1959 kwa mwafaka wa mataifa sita, Uingereza na Marekani zikiwemo.

Håkon Wium Lie alipopendekeza lugha ya mitindo ya mtandao mnamo Oktoba 1994, na baadaye kushirikiana na Bert Bos kuikamilisha, ilikuwa kawaida kurithi vipimo hivi. Toleo la kwanza liliidhinishwa Desemba 1996, na pointi, paika, inchi na sentimita zilikuwemo.

Tatizo lilijitokeza mara moja. Tarakilishi za Macintosh zilichukulia kuwa inchi moja ya kioo ina pikseli 72. Zile za Windows zilichukulia kuwa ina 96. Ukurasa ulioandikwa kwa pointi 9 ulisomeka vyema kwenye Windows, lakini kwenye Macintosh herufi zilikonda kiasi cha kuumiza macho. Aliyefanya kazi yake kwa uaminifu kwenye mashine moja alilaumiwa na wasomaji wa mashine nyingine.

Uamuzi wa 2011

Baada ya mvutano wa miaka mingi, toleo la CSS 2.1 lililoidhinishwa Juni 2011 lilitoa uamuzi. Kifaa kina hiari mbili. Kinaweza kutia nanga kwenye vipimo halisi, inchi iwe inchi ya rula, na pikseli ifuate. Au kinaweza kutia nanga kwenye pikseli, kisha inchi na sentimita zifuate. Kwa uchapishaji wa karatasi, njia ya kwanza ndiyo inayopendekezwa. Kwa vioo vya kawaida, ni ya pili.

Pikseli inayozungumziwa hapa si kila kitone cha nuru kwenye kioo. Ni pikseli ya rejea, inayofafanuliwa kwa pembe ya kuona. Ni upana wa kitone kimoja cha kioo chenye vitone 96 kwa inchi, kikitazamwa kutoka umbali wa mkono ulionyooshwa, yaani inchi 28 au takriban sentimita 71. Hapo, upana wake ni kama milimita 0.26.

Kwa hivyo kipimo hiki hufuata jicho. Simu hushikwa karibu na uso, na pikseli yake huwa ndogo kuliko milimita 0.26. Mwangaza wa projekta ukutani hutazamwa kutoka mbali, na pikseli yake huweza kuwa kubwa mara kadhaa. Machoni pa mtazamaji, herufi huelekea kulingana. Kwenye rula, hazilingani hata kidogo.

Tupime simu

Chukua mfano wa simu ambayo upana wa kioo chake ni milimita 68, na ambayo huviambia vivinjari kwamba ina pikseli 360 za mtindo. Ukigawa 360 kwa 96 unapata inchi 3.75, sawa na milimita 95. Kivinjari kinaamini kwamba kioo kina upana wa milimita 95, ilhali rula inasema 68. Sentimita moja ya ukurasa huwa milimita 7 tu, na inchi huwa milimita 18.

Kioo cha zamani cha inchi 17 chenye vitone 1280 kwa 1024, kilichokuwa maarufu katika saiba nyingi, kilikaribia ukweli mno, kwani kila kitone kilikuwa na milimita 0.264. Tarakilishi ya mapajani ya inchi 15.6 yenye vitone 1366 kwa 768 huonyesha sentimita 10 kama sentimita 9.5 hivi. Yaani ukurasa mmoja unaweza kudai jambo moja na kuonyesha vipimo vitatu tofauti katika nyumba moja.

Waundaji wa Firefox waliwahi kubuni kizio cha pekee, mozmm, kilichokusudiwa kuwa milimita ya kweli kwenye kioo. Hakikupata wafuasi na kiliondolewa. Hadi leo hakuna kizio cha kawaida cha CSS kinachoahidi sentimita ya rula kwenye kila kioo.

Funzo kutoka kwa ramani ya Kibera

Mwaka wa 2009, vijana wa Kibera walianza kuchora ramani ya mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera. Walitembea kijiji baada ya kijiji wakiwa na vifaa vya GPS, wakaweka njia, shule, zahanati, vyoo na vituo vya maji kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Kabla ya hapo, eneo hilo lilikuwa doa tupu katika ramani nyingi.

Ramani ya karatasi huandikwa skeli, mathalani 1:5,000, maana yake sentimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi. Ramani ya kioo haiwezi kusema hivyo kwa uhakika. Katika ngazi ya 17 ya ukuzaji, karibu na ikweta ilipo Nairobi, pikseli moja huwakilisha takriban mita 1.19. Kwenye kioo cha vitone 96 kwa inchi, hiyo ni skeli ya 1:4,500 hivi. Kwenye simu tuliyoitaja, ramani ile ile huwa 1:6,300.

Ndiyo sababu ramani za mtandao huweka mstari wa skeli pembeni badala ya tarakimu pekee. Kioo kikikuza au kupunguza ramani, mstari nao hukua au kupungua, na mita 100 hubaki mita 100. Ni hekima ile ile ya fundi anayepima mlango kwa kijiti alichokata mwenyewe. Hahitaji jina la kipimo, mradi kijiti na mlango vikutane.

Pale kosa linapogharimu

Kwenye karatasi, vizio halisi hufanya kazi yake. Agizo la @page linaweza kuutangaza ukurasa kuwa A4, milimita 210 kwa 297, na pambizo zikawekwa kwa sentimita. Risiti, kadi za mialiko, vyeti na fomu zinazochapishwa katika saiba zitatoka sawasawa, iwapo printa haitaingilia.

Lakini printa huingilia. Programu nyingi huja zikiwa zimewekewa karatasi ya Marekani iitwayo Letter, yenye urefu wa milimita 279. Ukurasa wa A4 unapobanwa utoshee humo, hupunguzwa hadi asilimia 94. Macho hayatambui. Maandishi yanasomeka, mistari imenyooka, na mteja huondoka ameridhika.

Sasa fikiria kilichochapishwa ni utepe wa kupima mzingo wa mkono wa juu wa mtoto, kama ule ambao wahudumu wa afya ya jamii hutumia kubaini utapiamlo. Kwa mtoto wa kati ya miezi 6 na 59, mzingo ulio chini ya milimita 115 ni alama nyekundu, dalili ya utapiamlo mkali. Kati ya 115 na 125 ni hali ya wastani.

Utepe uliopungua hadi asilimia 94 una alama ya 115 mahali ambapo rula ingesoma 108. Mtoto mwenye mkono wa milimita 111, ambaye anastahili kupelekwa kutibiwa upesi, ataonekana kuwa na 118. Atatoka kwenye nyekundu na kuingia kwenye manjano, kisha mamaye arudishwe nyumbani kwa ushauri tu. Hakuna aliyesema uongo. Ni asilimia sita zilizopotea kati ya kioo na karatasi.

Kwa sababu hiyo, utepe wa aina hiyo usichapishwe kiholela wala kupimwa kwenye kioo. Utumike ule uliotolewa na kituo cha afya. Hali kadhalika, ruwaza za kushonea nguo zinazopakuliwa mtandaoni zisikatiwe kitambaa kabla ya kuhakikiwa.

Namna ya kuhakiki

Kipimo cha uhakika kimo mfukoni mwa wengi. Kadi ya benki hufuata kiwango cha kimataifa: upana wa milimita 85.6 na urefu wa milimita 54 hivi. Mtengenezaji wa ukurasa anaweza kuchora mstatili wa vipimo hivyo na kumwomba mtumiaji aweke kadi juu ya kioo, kisha aukuze au kuupunguza mpaka vilingane. Kuanzia hapo ukurasa hujua sentimita ya kweli ya kioo hicho.

Kwa karatasi, ongeza mstari wa sentimita 10 pembeni mwa kila fomu ambayo vipimo vyake ni muhimu. Kabla ya kuchapisha, chagua A4 na asilimia 100. Baada ya kuchapisha, weka rula juu ya mstari. Ukipungukiwa, tupa karatasi hiyo, usitupe rula.

Kitumike nini?

Kwa kurasa zinazosomwa kwenye vioo, vizio halisi viachwe. Ukubwa wa herufi uandikwe kwa em au rem, vizio vinavyotegemea ukubwa wa herufi uliochaguliwa na msomaji. Upana wa safu uandikwe kwa asilimia, au kwa vw, ambayo ni sehemu moja ya mia ya upana wa dirisha. Mzee aliyekuza herufi za simu yake kwa sababu ya macho asinyimwe haki hiyo na mtu aliyeandika pointi 9 akiwa mbele ya kioo kikubwa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa kurasa, uliotolewa Desemba 2008, unataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila ukurasa kuvurugika.

Pikseli inafaa kwa mistari myembamba na mipaka. Sentimita, milimita na pointi zibakie katika mitindo ya kuchapisha, kwenye makao yake ya asili.

Sheria za Kenya, Sura ya 513, husimamia vipimo na mizani, na wakaguzi hupiga muhuri mizani ya muuza nyama. Hakuna mkaguzi anayepita akipiga muhuri vioo vya simu. Kazi hiyo imeachiwa anayetengeneza ukurasa na anayeusoma. Nao, kama mnunuzi wa Kisumu Ndogo, hawana budi kugeuza mkebe na kutazama kitako.