Kura ya Kwanza na Kura ya Pili: Historia ya Uchaguzi wa Burundi Tukiwa Mwambao wa Rumonge

Kila tunapofundisha msamiati wa siasa huzuka swali lile lile darasani. Uchaguzi ule wa kwanza, unaochuja wagombea kabla ya uchaguzi mkuu, tuuiteje kwa Kiswahili? Swali huja hasa wanafunzi wanaposoma habari za Marekani, ambako hata jimbo dogo kama Vermont au Delaware huwaita wananchi vituoni mara mbili: kwanza kuteua wagombea wa vyama, halafu kuchagua viongozi wenyewe. Mwanafunzi wa Tanzania hujibu upesi kwamba hizo ni kura za maoni. Wa Kenya husema ni mchujo. Wa Burundi hunyamaza kidogo. Si kwamba hajui Kiswahili. Nchini kwake jambo lenyewe halipo kwa sura hiyo, kwani chama hupeleka orodha iliyofungwa, na mpiga kura huchagua orodha, hachagui jina.

Hata hivyo, tukiitazama historia ya Burundi kwa makini, tunaona kwamba nayo imekuwa na kura ya kwanza na kura ya pili. Kura ya kwanza ni ya komini, na kura ya pili ni ya taifa. Uhusiano kati ya hizo mbili umeamua mambo makubwa, mara nyingine ya uhai na kifo. Tunapenda kulieleza jambo hili tukiwa kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika sehemu kama Bugarama na mji wa Rumonge, mahali ambapo Kiswahili si lugha ya kitabuni tu.

Kwanza tutazame mahali penyewe. Ukitoka Bujumbura kwenda kusini kwa barabara ya ziwani, milima iko kushoto na maji yako kulia. Bugarama ni nchi ya namna hiyo: inateremka kutoka milimani hadi Magara, ziwani kabisa. Mbele zaidi ni Rumonge, mji wa mawese, mukeke na ndagala. Waswahili waliofanya biashara na Ujiji walikuwa wakipita mwambao huu tangu karne ya 19, na lugha yao ikabaki sokoni, mialoni na misikitini. Kwa hiyo habari za siasa zimekuwa zikisemwa hapa kwa lugha mbili, Kirundi na Kiswahili.

Uchaguzi wa kwanza wa vyama ulifanyika Novemba na Desemba 1960, wakati Ubelgiji bado ikitawala Ruanda-Urundi. Ulikuwa uchaguzi wa komini. Chama cha UPRONA, kilichoongozwa na Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, kiliingia kikiwa kimefungwa mikono. Serikali ya kikoloni ilikuwa imepiga marufuku jamaa wa karibu wa Mwami kujihusisha na vyama, na uchaguzi ulipofanyika Rwagasore aliwekwa kizuizini nyumbani. Chama cha PDC, kilichopendelewa na utawala, kikapata viti 942 kati ya 2,876, na UPRONA viti 545. Waliotazama matokeo hayo walidhani mchezo umekwisha.

Haukuwa umekwisha. Umoja wa Mataifa ulisisitiza kwamba uchaguzi wa Bunge ufanyike chini ya usimamizi wake na kwa kura ya watu wazima wote. Rwagasore akaachiwa. Alikuwa na marafiki ambao utawala haukuwapenda: wafanyabiashara wadogo waliokuwa naye katika vyama vya ushirika alivyoanzisha mwaka 1957, Waswahili wa mtaa wa Buyenzi mjini Usumbura, na Julius Nyerere na TANU ng'ambo ya ziwa. Tarehe 18 Septemba 1961 kura ya pili ikapigwa. UPRONA ikapata viti 58 kati ya 64. Katika muda wa miezi kumi hivi, aliyeshindwa katika kura ya kwanza aliishinda kura ya pili kwa kishindo.

Furaha haikudumu. Tarehe 13 Oktoba 1961, wiki chache tu baada ya kuwa Waziri Mkuu, Rwagasore alipigwa risasi katika hoteli moja ya ziwani mjini Usumbura. Aliyefyatua bunduki alikuwa Mgiriki, Ioannis Kageorgis, na miongoni mwa waliohukumiwa kwa kupanga njama hiyo walikuwa viongozi wa PDC. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila mtu aliyeshinda uchaguzi wake.

Fundisho la pili lilikuja mwaka 1965. Katika uchaguzi wa Bunge wa Mei mwaka huo, wabunge 23 kati ya 33 waliochaguliwa walikuwa Wahutu. Mwami hakumchagua Waziri Mkuu miongoni mwao, bali alimteua Léopold Biha, mtu wa nyumba ya kifalme. Oktoba likafuata jaribio la mapinduzi, kisha wanasiasa wengi wa Kihutu wakauawa. Hapa kura ilipigwa, ikahesabiwa, ikawekwa kando. Watu walioona kwamba kura haibadilishi kitu walianza kutafuta njia nyingine, na serikali nayo ikajiandaa kwa njia hizo nyingine.

Mwambao wetu ulilipia sana. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa mahali palipoanzia, na Watutsi wengi wakauawa. Jibu la jeshi lilikuwa mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima, hasa wasomi. Makadirio ya waliokufa huanzia watu 100,000 na kuzidi 200,000. Maelfu walivuka kwenda Tanzania, na wengi wakaishi miaka mingi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Waliporudi, wengi wao baada ya mwaka 2008, walikuta mashamba yao ya michikichi Rumonge yakilimwa na wengine, na kesi za ardhi zikasemwa kwa Kirundi kilichochanganyika na Kiswahili cha Tabora. Mwalimu wa lugha anayefundisha huku hana budi kuijua historia hiyo.

Mwaka 1993 vyama vingi vilirudi, na safari hii hakukuwa na kura ya kwanza ya komini. Wananchi walianzia juu. Tarehe 1 Juni Melchior Ndadaye wa FRODEBU alimshinda Rais Pierre Buyoya kwa karibu asilimia 65 ya kura, na tarehe 29 Juni chama chake kikapata viti 65 kati ya 81 vya Bunge. Buyoya alikubali kushindwa. Lakini tarehe 21 Oktoba 1993 wanajeshi walimuua Ndadaye, na vita vya zaidi ya miaka kumi vikaanza.

Baada ya mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, Burundi ilijaribu njia nyingine: kujenga ngazi, kidato kwa kidato. Mwaka 2005 ulikuwa mwaka wa kura. Februari 28 wananchi walipiga kura ya maoni juu ya katiba. Juni 3 walichagua mabaraza ya komini, na Julai 4 wabunge. Madiwani wa komini ndio waliowachagua maseneta mwezi huo huo wa Julai. Agosti 19 Bunge na Seneti zilimchagua Pierre Nkurunziza kuwa Rais kwa kura 151 kati ya 162. Septemba wakaazi wa kila mlima wakachagua viongozi wa mlima wao, wagombea wakisimama bila chama. CNDD-FDD, iliyoongoza katika komini, ilipata viti 59 kati ya 100 vya Bunge vilivyogombewa. Safari hii kura ya kwanza ilitabiri kura ya pili, na walioshindwa walikubali.

Wengi wanakumbuka namna ya kupiga kura siku hizo. Mpiga kura alipewa karatasi nyingi, kila orodha na karatasi yake. Aliyoichagua aliitia katika bahasha na kuitumbukiza katika sanduku moja. Zilizobaki alizitupa katika sanduku jingine, jeusi. Kwa mtu asiyejua kusoma ilikuwa njia nyepesi.

Mwaka 2010 ngazi ilivunjika kwenye kidato cha kwanza. Katika kura ya komini ya tarehe 24 Mei, CNDD-FDD ilipata takribani asilimia 64. Vyama vikubwa vya upinzani vilidai kuna udanganyifu, vikajitoa, na tarehe 28 Juni Nkurunziza aligombea urais peke yake. Kura ya pili ilikuwa imeamuliwa na ya kwanza. Mwaka 2015 kura ya komini na ya Bunge zilipigwa siku moja, tarehe 29 Juni, katikati ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Rais. Mwezi Mei mwaka huo makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wamejazana Kagunga, kijiji cha Tanzania ufukoni mwa ziwa, wakisubiri meli ya MV Liemba iwapeleke Kigoma. Mwaka 2020 kura ya komini, ya Bunge na ya Rais zote zilipigwa siku moja, tarehe 20 Mei. Tarehe 5 Juni 2025 zilipigwa za Bunge na komini, na chama tawala kikachukua viti vyote 100 vilivyogombewa.

Mipaka nayo ilihama. Bugarama ilikuwa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini hadi mwaka 2015, ilipoingizwa katika mkoa mpya wa Rumonge. Miaka kumi baadaye mikoa 18 ya nchi ikawa 5, na komini 119 zikawa 42. Mtu wa Magara hakuhama nyumba, ila anwani yake ya kisiasa imehama. Kilichobaki palepale ni mlima.

Turudi sasa kwenye swali la darasani. Neno kura limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya kale ni bahati nasibu: watu hupiga kura ili jambo liamuliwe na bahati. Kirundi husema amatora, kutokana na gutora, yaani kuchagua na pia kuokota. Katika neno la kwanza binadamu anaiachia bahati; katika la pili ananyoosha mkono mwenyewe. Tunaona kwamba historia ya Burundi imekuwa ikivutana kati ya maana hizo mbili. Mwaka 1961 watu walinyoosha mkono. Mwaka 1965 mkono wao ulirudishwa.

Kwa walimu tunapendekeza jambo dogo. Mnapofundisha maneno kura za maoni, mchujo na uchaguzi mkuu, msiyaandike ubaoni kama visawe vya maneno ya kigeni na kuendelea. Waulizeni wanafunzi: kwenu kura ya kwanza ni ipi, nani huipiga, na aliyeshindwa humo huwa na nafasi gani ya kurudi? Rwagasore alikuwa nayo, miezi kumi hivi. Msamiati utakaa kichwani, na historia itakaa pamoja nao.