Gurudumu la kamari: kutoka Paris hadi dubwi la Mbagala

Kuanzia Tandale na Mwananyamala hadi Tandika na Mbagala, jijini Dar es Salaam, si rahisi kupita mitaa mingi bila kukuta dubwi, mashine ya kamari ya sarafu. Mchezaji hutumbukiza sarafu ya Sh200, akabonyeza picha aliyoichagua na kuikodolea macho taa inayozunguka. Ikisimama penye picha yake, analipwa. Isiposimama hapo, sarafu imekwenda.

Wazo hili lilitangulia dubwi kwa zaidi ya miaka 200. Kufikia mwaka 1796, katika kumbi za kamari za Palais Royal jijini Paris, watu walikuwa wakicheza ruleti: gurudumu lenye namba 1 hadi 36, pamoja na sifuri mbili, na kijipira kinachorushwa humo kikazunguka hadi kitue kwenye shimo mojawapo.

Riziki ya mwenye kasino imo katika sifuri hizo. Tuseme umeweka Sh1,000 kwenye kila shimo kati ya yote 38. Umetoa Sh38,000, na lazima moja ya namba zako ishinde. Lakini malipo hupigwa kana kwamba mashimo ni 36 tu, hivyo utarudishiwa Sh36,000. Sh2,000, zaidi kidogo ya asilimia tano, zimebaki mezani. Hakuna aliyekuibia. Ndivyo mchezo ulivyoundwa.

Serikali ya Ufaransa ilifunga kumbi za kamari za Paris mwishoni mwa mwaka 1837. Ndugu wawili Wafaransa, François na Louis Blanc, walihamia Ujerumani, na mwaka 1843 wakaleta Bad Homburg gurudumu lenye sifuri moja tu ili kuvuta wateja. Kwa hesabu ile ile, anayetoa Sh37,000 hurudishiwa Sh36,000, hasara ya asilimia 2.7. Mwaka 1863 François alikabidhiwa kasino ya Monte Carlo, na sifuri moja ikawa desturi ya Ulaya.

Marekani hawakuifuata desturi hiyo. Katika karne ya 19 baadhi ya magurudumu yao yalikuwa na namba 28 tu, sifuri mbili na picha ya tai iliyompa mwenye mchezo ushindi zaidi. Tai aliondoka, sifuri mbili zikabaki. Mwaka 2016 kasino moja ya Las Vegas iliongeza sifuri ya tatu, na hasara ikapanda hadi karibu asilimia nane.

Kwetu Tanzania, sheria ya mwaka 1967 ilisimamia bahati nasibu na michezo ya kubashiri, na mwaka 1974 ikatungwa ya Bahati Nasibu ya Taifa. Zote mbili zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Ruleti yenyewe ilibaki katika kasino za katikati ya jiji na Masaki, mbele ya wenye fedha za kupoteza. Uswahilini likaja dubwi.

Majirani nao wamehangaika. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2016, ilipandisha umri wa kucheza hadi miaka 25. Kenya mwaka 2018 iliendesha msako na kuteketeza mashine za mitaani. Hapa kwetu umri unabaki miaka 18.

Kati ya meza ya Masaki na mashine ya Mbagala kuna tofauti kubwa moja. Kwenye ruleti mchezaji anaweza kuyahesabu mashimo na kujua atakatwa kiasi gani. Kwenye dubwi, taa husimama pale ilipoamriwa na programu iliyofungiwa ndani, na mteja hana njia ya kuihesabu. Mwenye kipato kidogo ndiye amepewa mchezo wenye siri kubwa zaidi. Hiyo si haki.

Bodi iamuru kila mashine ibandikwe maandishi makubwa ya Kiswahili: katika kila Sh1,000 inayoingia, ngapi humrudia mchezaji. Viongozi wa mitaa nao wahakikishe hakuna mtoto anayeisogelea. Na wewe kijana unayeishika sarafu hiyo, kumbuka kuwa tangu Palais Royal hadi leo, anayecheza mfululizo hulipia sifuri. Nunua chakula kwanza.