Manukato ya Uani na Historia Iliyomo katika Majina Yake

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na bahari tumezoea kuyapita mbio maneno ya manukato. Mwanafunzi akikutana na neno kikuba, twamwambia kuwa ni pambo la maua, kisha twaendelea na somo. Maelezo hayo hayatoshi. Nyuma ya neno hilo ipo sanaa nzima ya kutengeneza manukato kwa mimea iliyooteshwa nyumbani, na majina ya mimea hiyo yatusimulia historia yake.

Tuanze na majina yaliyokuja kwa jahazi. Waridi, rihani na udi ni maneno ya asili ya Kiarabu. Asumini nalo limepitia Kiarabu kutoka Kiajemi. Marashi nayo hutukumbusha neno la Kiarabu la kunyunyiza, na ndiyo sababu chombo cha kunyunyizia huitwa mrashi. Udi, ambao ni mti wa Asia, ulibaki bidhaa ya kununuliwa na kufukizwa katika chetezo. Lakini asumini, mrehani na mwaridi vilitia mizizi nyuani mwa watu wa pwani. Kwa mimea hiyo, pamoja na mkadi, kina mama wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu walifunga vikuba vya kuvaa kifuani au nyweleni, wakatunga na makoja ya asumini kwa siku za harusi. Salme binti Said, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyetoa kumbukumbu zake huko Ujerumani mwaka 1886, ameeleza jinsi wanawake wa nyumba za kifalme walivyothamini manukato.

Langilangi lina safari ya namna nyingine. Mti wake ni wa Asia ya Kusini-Mashariki, na jina lake latoka katika lugha ya Kitagalog ya Ufilipino. Unguja ua hilo liliingia katika kikuba. Katika Visiwa vya Komoro, hasa Nzuwani, liliingia katika mtambo: wakati wa ukoloni makampuni ya Kifaransa yalilipanda kwa wingi ili kukamua mafuta ya kuuza Ulaya. Maua huchumwa alfajiri na kupikwa kwa mvuke siku hiyo hiyo, na kilo 50 hivi hutoa kilo 1 tu ya mafuta. Mafuta yanayotangulia kutoka ndiyo bora. Langilangi limo katika Chanel No. 5, marashi mashuhuri yaliyotungwa na Ernest Beaux mwaka 1921. Faida yake haikuja bila gharama, kwani kuni za mitambo zimechangia kumaliza misitu ya Nzuwani.

Lipo hata hivyo ua ambalo halikuja na jahazi lolote, nalo ni kilua. Mkilua ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na wanawake wamelitumia ua lake kwa harufu yake tangu zamani. Mwaka 1970 Bernard Verdcourt, mtaalamu wa mimea wa bustani ya Kew, Uingereza, alipouingiza katika vitabu vya sayansi, aliuita Mkilua fragrans, yaani mkilua unaonukia. Hivyo neno letu limekuwa jina la mti huo duniani kote.

Hata hivyo, sayansi imehifadhi jina tu. Haikuandika ua lipi hutangulia katika kikuba, huchumwa saa ngapi, wala hufungwa kwa nini. Ujuzi huo umo mikononi mwa kina bibi, na chupa za dukani zinazidi kuwaondolea wanafunzi. Tunawaomba walimu wenye wanafunzi waliotoka pwani, au wenye jamaa huko, wawatume kuwauliza wazee maswali hayo na kuyaandika majibu kwa Kiswahili kile kile cha wasemaji. Hapo tutakapolifundisha neno kikuba, tutakuwa na la kusema zaidi ya pambo la maua.