UKIMWI, Mapambano Dhidi ya: Tanzania na Bonde la Mang'ola

Maradhi haya, ambayo wagonjwa wake wa kwanza nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, yalikwisha kuenea sana serikali ilipounda Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Ukimwi mwaka 1988, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kuanzisha mpango wake chini ya Jonathan Mann. Rais Benjamin Mkapa hakuyatangaza kuwa janga la taifa ila mwishoni mwa 1999, taksiri ambayo, kwa rai yetu, iligharimu roho nyingi. Tume ya Kudhibiti Ukimwi (TACAIDS) ikafuata 2001, na dawa za kupunguza makali zikaanza kutolewa bure 2004.

Katika bonde la Mang'ola, wilayani Karatu kando ya Ziwa Eyasi, kazi ya kupambana na maradhi haya ina uzito wa peke yake, kwani vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji ya chemchemi huwavuta vibarua wa kutoka mbali, ambao wakati wa mavuno hung'oa, hukata majani, hujaza magunia, hulipwa fedha taslimu kisha huondoka, hali jirani zao Wahadzabe huhamahama porini wakiwinda. Tangu 2016 kila aliyethibitishwa kuwa na virusi hustahiki dawa papo hapo. Lakini kibarua aliyehama hupotea upesi katika daftari la kliniki.