Mlio wa Tatu

Fundi alichomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta kwenye karatasi nyeupe, kisha akanipa karatasi ile ninuse. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yakiwa mazima huwa mekundu, kama juisi ya rozela. Yale yalikuwa meusi na yalinuka kama ugali ulioungulia sufuriani.

Gari lilikuwa la kaka yangu, Toyota ndogo aliyoinunua kwa mkopo alipochoka kusubiri ajira na kuamua kuendesha teksi ya mtandaoni hapa Dar es Salaam. Siku ile alikuwa Kimara, pale barabara ya Morogoro inapopanda. Injini ilinguruma lakini gari likawa linajikokota, kama mtu anayekanyaga pedeli za baiskeli iliyochomoka mnyororo. Abiria alishuka, akaita bodaboda.

Kilichotuuma ni kwamba giaboksi hiyo ilikuwa imefunguliwa miezi minne tu kabla, katika gereji nyingine. Walibadilisha pleti za klachi, wakaifunga, wakapokea pesa yao. Fundi huyu wa pili, mzee wa makamo ambaye vijana wake walimwita Mzee tu, aliuliza swali moja.

"Konveta waligusa?"

Kaka alinitazama. Mimi ndiye niliyesoma, lakini sikujua konveta ni nini. Nilianza kutafuta usiku ule, na nilichokipata kilianzia mbali sana na barabara ya Morogoro. Kilianzia baharini.

*

Mwanzoni mwa karne ya 20, waunda meli wa Ulaya walikuwa na injini mpya, turbini ya mvuke, iliyofanya kazi vizuri ikizunguka kwa kasi kubwa. Rafadha ya meli, kinyume chake, hutaka kuzunguka polepole. Ukiizungusha kasi mno hukoroga maji bure. Palihitajika kitu katikati cha kupunguza kasi na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Gia za chuma zingefaa, lakini wakati ule haikuwa rahisi kuchonga gia kubwa kiasi kile, zenye meno ya kuaminika chini ya mzigo wa meli nzima.

Katika kiwanda cha meli cha Vulcan mjini Stettin, mji wa Ujerumani wakati huo ambao leo ni Szczecin wa Poland, alikuwepo mhandisi kijana aitwaye Hermann Föttinger. Mwaka 1905 aliomba hataza ya wazo ambalo ni rahisi kulieleza kwa feni mbili. Weka feni mbili zikitazamana, washa moja tu. Upepo wake utaanza kuizungusha ile nyingine, ingawa haijachomekwa kwenye umeme na hakuna chuma kinachoziunganisha. Sasa ziweke zote mbili ndani ya ganda moja lililofungwa, na badala ya hewa ujaze kimiminika. Feni ya kwanza ni pampu, inazungushwa na injini. Ya pili ni turbini, inapeleka mzunguko mbele.

Feni mbili peke yake haziongezi nguvu, zinaipitisha tu. Ujanja wa Föttinger ulikuwa kuweka safu ya tatu ya mapanga, isiyozunguka, katikati ya hizo mbili. Kimiminika kikitoka kwenye turbini kinarudi kikiwa kimeelekea vibaya, kikitaka kuipinga pampu. Safu ile ya tatu hukigeuza njia, kikaingia kwenye pampu kikiisaidia. Katika magari yetu sehemu hiyo huitwa stata, na ndiyo inayofanya gari lililosimama lianze kuondoka kwa nguvu inayokaribia maradufu ya ile inayotoka kwenye injini.

Mwaka 1913 kifaa cha Föttinger kilifungwa katika meli ya abiria Königin Luise, iliyojengwa kwa ajili ya kupeleka watu kisiwani Helgoland. Haikupata muda wa kuzeeka. Vita vilipoanza mwaka uliofuata iligeuzwa kuwa meli ya kutega mabomu baharini, na tarehe 5 Agosti 1914 Waingereza waliizamisha. Ilikuwa meli ya kwanza ya kivita ya Ujerumani kupotea katika vita ile.

Wakati huohuo uchongaji wa gia uliendelea kuboreka. Gia za chuma zilipoteza nguvu kidogo kuliko kimiminika, na meli zikazirudia. Kifaa kilichobuniwa kwa sababu gia zilikuwa dhaifu kikakosa kazi gia zilipoimarika, na kikalazimika kutafuta maisha nchi kavu.

*

Nchi kavu shida ilikuwa mguu wa kushoto. Kuendesha gari kulimaanisha kukanyaga klachi, kusikiliza injini, kubadili gia, kuachia klachi taratibu. Ni ujuzi wa mwili, na kuna watu waliouogopa. Huko Marekani, Earl Thompson, mhandisi ambaye kazi yake ya awali ilikuwa imewezesha gia za kawaida kuingia bila kukwaruza, aliongoza kikundi kilichounda giaboksi iliyojibadili yenyewe. Kampuni ya General Motors iliitangaza mwaka 1939 kwa jina la Hydra-Matic, katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Mnunuzi aliongeza dola 57.

Hydra-Matic ilikuwa na feni mbili bila stata; kazi ya kuongeza nguvu iliachiwa gia. Vita vya pili vilipofika, giaboksi hizo zilifungwa kwenye vifaru vyepesi vya M5, kila kifaru na injini mbili za Cadillac na giaboksi mbili. Kijana wa shamba aliweza kuendesha kifaru bila kujifunza klachi. Mwaka 1948 Buick walileta Dynaflow, na hapo konveta kamili, yenye stata, ikaingia katika gari la familia. Mwaka 1949 Packard wakaongeza klachi ndani ya konveta yenyewe, ili gari likishika mwendo pampu na turbini zishikamane na mafuta yasiteleze bure. Klachi hiyo ndogo, iliyofichwa mahali ambapo spana haifiki, ndiyo ilikuja kumsumbua kaka yangu.

Mafuta nayo yana historia yake. Ndani ya giaboksi hiyo mafuta husukuma turbini, hupoza, hulainisha, na huamua pleti zishikane vipi. Yakiteleza mno, pleti huungua. Yakishika mno, gari hurukaruka. Kwa miaka mingi watengenezaji walipata uwiano huo kwa kuchanganya mafuta ya nyangumi, yule mwenye kichwa kikubwa aliyewindwa kwa karne nyingi kwa sababu ya mafuta ya kichwani mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sheria za Marekani za kulinda wanyama walio hatarini zilifunga njia hiyo, wanakemia wakalazimika kutafuta mbadala. Nilipomweleza Mzee habari hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ndiyo maana nawaambia msinunue mafuta ya gia kwenye chupa isiyo na jina."

*

Swali lililobaki ni jinsi kitu hiki kilivyofika kwetu. Jibu fupi ni Japani. Toyota walikuwa na giaboksi ya otomatiki, Toyoglide, tangu mwaka 1959. Mwaka 1969 kampuni ya Aisin iliungana na Borg-Warner ya Marekani kuanzisha Aisin-Warner, na utaalamu wa konveta ukapata makao mapya. Foleni za miji ya Japani zilifanya yaliyobaki. Kufikia mwaka 1991 nchi hiyo ilianza kutoa leseni ya udereva kwa magari ya otomatiki pekee; mtu angeweza kuendesha maisha yake yote bila kuijua klachi.

Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama sisi na kama Kenya. Milango ya biashara ilipofunguliwa, magari yao yaliyotumika yalianza kushuka bandarini. Hatukukaa kikao kuamua kwamba tunataka otomatiki. Dereva fulani wa Nagoya aliyechoshwa na foleni alituchagulia, miaka kumi kabla. Mpaka leo kaka akiwasha gari, sauti ya mwanamke humwambia jambo kwa Kijapani, naye hujibu, "Sawa, mama."

Lakini ujuzi ule wa mguu wa kushoto haukupotea. Ulihama kutoka kwa dereva ukaenda kwenye meza ya fundi. Dereva alipunguziwa kazi, na fundi wa Ilala, ambaye kitabu cha gari hilo kimeandikwa kwa lugha asiyoisoma, akaongezewa.

*

Mzee alifungua giaboksi asubuhi, akapanga vipande juu ya boksi lililokunjuliwa, kwa mfuatano aliovitoa. Pleti mpya za miezi minne zilikuwa zimegeuka nyeusi. Katika njia nyembamba za vali mlikuwa na tope laini kama wanja.

"Hili tope halikuzaliwa humu," alisema. "Limetoka kwenye konveta."

Alitaja bei ya konveta iliyokarabatiwa. Ilikuwa sawa na marejesho ya mkopo ya wiki tatu. Kaka alikaa juu ya tairi, akainamisha kichwa.

"Mzee wangu, hatuwezi kuiosha tu?"

"Chungu kilichochomelewa kifuniko utakisugua vipi ndani?"

Hapo ndipo nilipoelewa kosa la kwanza. Konveta hufungwa kwa kuchomelewa kiwandani. Ukimwaga mafuta ya giaboksi, sehemu kubwa hubaki ndani yake, na uchafu wa miaka yote hubaki nayo. Gereji ya kwanza ilifunga pleti mpya kisha ikarudisha tope la zamani lije kuzila. Kaka alikuwa amelipia nusu ya kazi, nusu inayoonekana.

Alikopa tena, safari hii kwa shemeji. Konveta ilipelekwa kwa fundi wa mashine ya kukereza, akaikata kwenye mshono wake. Nilienda kuangalia. Pampu, turbini na stata zilikuwa pale, kama katika michoro ya Föttinger, isipokuwa zilipakwa tope. Kitambaa cha ile klachi ndogo kilikuwa kimelika hadi chuma. Waliosha, wakabandika kitambaa kipya, wakabadilisha beringi na sili, wakachomelea, wakaitia hewa na kuizamisha majini kuona kama inatoa mapovu. Kisha waliizungusha wakipima kama inayumba.

Siku ya kuifunga, Mzee alimimina mafuta mekundu ndani yake kwanza, kwa sababu konveta haifai kuanza kazi ikiwa kavu. Kisha akaniita.

"Isukume na kuizungusha taratibu. Sikiliza. Italia mara tatu."

Mara ya kwanza ni meno ya shafti ya giaboksi yakiingia kwenye turbini. Mara ya pili ni shafti ya stata. Mara ya tatu ni shingo ya konveta ikishika pampu ya mafuta. Ukikaza bolti kabla ya mlio wa tatu, unaiponda pampu kwa nguvu zako mwenyewe, na hutajua mpaka gari likatae kusogea.

Nilisikia wa kwanza. Nilisikia wa pili. Konveta ilitulia kana kwamba imefika.

"Tayari," nilisema.

Mzee hakubisha. Aliweka rula mbele ya ganda, akapima kina, akanionyesha. Ilikuwa imebaki nje zaidi ya sentimita moja. Nilizungusha tena, jasho likinitiririka, mpaka chuma kikazama ndani kwa sauti ndogo, nzito, kama mlango wa kabati ukifungwa.

Siku mbili baadaye kaka alinipigia simu akiwa Kimara. "Limepanda," alisema, na nyuma yake nilimsikia abiria akiongea na simu yake bila wasiwasi wowote.

Mkopo umebaki miezi saba, na wa shemeji.