Mtoto wa Wote, Mtoto wa Nani?

Kila mwaka, mwishoni mwa Septemba, sharika zetu huadhimisha Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Siku hiyo watoto ndio wanaoongoza ibada: wanasoma masomo, wanaimba, wanasema ngonjera, wanakusanya sadaka. Wazazi wasioonekana kanisani tangu Pasaka nao hufika, ili wamwone mtoto wao akisimama mbele. Nikiuliza, "Watoto hawa ni wa nani?" usharika mzima hujibu kwa sauti moja, "Ni wetu!" Nimeuliza swali hilo miaka mingi na nimelifurahia jibu lake. Siku hizi naliuliza kwa hofu kidogo, na ningependa kueleza sababu, kwa maana historia ya kanisa letu ina jambo la kutufundisha hapa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mchungaji wa usharika wenye mitaa minne. Jumapili ya kipaimara ilifika, kanisa likajaa, na kama ilivyo desturi niliwaita watoto kwa majina kutoka katika orodha. Walikuwa 63. Nilipofika kwenye jina la binti mmoja, hakuna aliyesimama. Nikalirudia. Watu wakaanza kutazamana. Nikaendelea na jina lililofuata, lakini moyo ulibaki pale.

Baada ya ibada niliuliza. Mwalimu wa kipaimara alidhani binti anaumwa. Mzee wa mtaa alidhani familia imehamia mtaa mwingine. Mwalimu wa shule ya Jumapili alidhani mimi ninajua. Na mimi nilidhani yupo, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye orodha iliyoandikwa mwaka wa kwanza wa mafundisho, wala sikuwahi kuilinganisha na daftari la mahudhurio. Ukweli ni kwamba mama yake alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka. Mimi mwenyewe ndiye niliyeongoza ibada ya mazishi. Ndugu mmoja akamchukua na kumpeleka mjini kufanya kazi za ndani. Alikuwa ameondoka miezi mitano.

Msafara wa Nazareti

Usiku ule nilisoma tena habari ya Yesu akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, katika Luka sura ya pili. Tumezoea kuihubiri kwa ajili ya yale aliyoyasema hekaluni. Mimi nilikwama kwenye safari ya kurudi. Yusufu na Mariamu hawakuwa wazazi wazembe. Walikuwa wakisafiri na jamaa, majirani na watu wa kijiji kimoja, wote wametoka kwenye sikukuu ya Bwana. Waliliamini kundi lile, na walikuwa na haki ya kuliamini, maana hivyo ndivyo watoto wa Nazareti walivyolelewa. Lakini mwendo wa kutwa nzima ulipita kabla ya mtu kugundua kwamba mtoto hayupo. Bila shaka kila mmoja alidhani yuko na mwingine.

Msafara ni mzuri, na mtoto asiye na msafara yuko hatarini. Hata hivyo, ndani ya msafara mtoto wa wote anaweza kuwa mtoto asiye na mtu. Nikitazama vipindi vitatu vya historia yetu ya Kilutheri, naona kwamba kanisa lililea vizuri pale lilipokuwa limeamua, kwa kila mtoto, nani hasa atakayeulizwa habari zake.

Karatasi ukutani

Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule za Kikristo, za wavulana na za wasichana pia. Sababu alizozitoa hazijazeeka. Wapo wazazi, alieleza, wasiojali kabisa. Wapo wanaojali lakini hawajui kufundisha. Na wapo wenye nia na ujuzi, ila kazi za kila siku haziwaachii nafasi. Kwa hiyo malezi hayawezi kuachwa mikononi mwa wazazi peke yao. Jamii nzima inadaiwa.

Miaka minne baadaye Luther na wenzake walizunguka sharika za Saxony kuzikagua. Alichokiona kilimsikitisha. Alikuta Wakristo wasiojua hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengi wasioweza kufundisha. Mwaka 1529 akatoa Katekisimu Ndogo. Sehemu zake za mwanzo zilichapishwa kwanza kwenye karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, ili zionekane na watu wa nyumba wanapokula na wanapofanya kazi. Vichwa vya sehemu zake vinamtaja mtu anayedaiwa: mkuu wa nyumba, yeye ndiye atakayewafundisha watu wa nyumbani mwake.

Ndugu msomaji, angalia maneno hayo "watu wa nyumbani." Katika nyumba za wakati ule walikuwamo pia watumishi na vijana waliokuja kujifunza kazi. Luther alitaka mkuu wa nyumba awasikilize wote, watoto na watumishi, angalau mara moja kwa juma, aone wamejifunza nini. Kwa hiyo msichana aliyetoka kijiji cha mbali kuja kufua na kupika katika nyumba ya Mkristo alikuwa na mtu wa kumuulizia. Kama hakufundishwa, ilijulikana ni nani aliyepungukiwa na wajibu wake.

Rika na ngao

Mwaka 1893 Misheni ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro, kwanza Machame, kisha Mamba na Moshi ya Kale. Wamisionari walikuja na Katekisimu, lakini hawakufika mahali pasipo na malezi. Wachaga walikuwa na mafunzo yao, ya wavulana na ya wasichana, yakiongozwa na wazee waliojulikana. Chombo kimojawapo cha kufundishia kilikuwa mregho, kijiti chenye alama zilizochongwa, kila alama ikishika somo lake. Otto Raum, mtoto wa mmisionari aliyekulia mlimani, alichapisha mwaka 1940 kitabu kizima juu ya utoto wa Mchaga, akionyesha jinsi mtoto alivyofundishwa kwa michezo, kazi, maneno ya wakubwa na uangalizi wa wenzake. Kijana alikuwa na ukoo, alikuwa na majirani wa kihamba kwa kihamba, na alikuwa na rika.

Mwanzoni kazi ya misheni ilitegemea sana kituo. Vijana wa kwanza walikaa karibu na mmisionari, wakajifunza kusoma na kuomba, na wakati mwingine wakawa wageni nyumbani kwao. Bruno Gutmann, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 na kutumika kwa muda mrefu Moshi ya Kale, aliliona tatizo hilo. Aliuliza: kama Injili inamtoa mtu katika ukoo, ujirani na rika lake, itampa nini badala yake? Akajibu kwamba vifungo hivyo vitatu ni vipaji vya Mungu Muumbaji, na usharika unapaswa kujengwa juu yake.

Katika mafundisho ya kipaimara akayafanyia kazi mawazo yake. Vijana hawakusomeshwa tu kama darasa kubwa. Waliwekwa katika vikundi vidogo vidogo vya rika moja. Jina alilovipa kwa Kijerumani linatokana na ngao, kwa mfano wa vijana wa vita waliosimama bega kwa bega, kila mmoja akimkinga mwenzake. Kila mwanakikundi alidaiwa habari za wenzake, na kifungo hicho kilikusudiwa kiendelee baada ya kipaimara, katika kazi, ndoa na misiba. Katika kikundi cha namna hiyo mtu hawezi kutoweka miezi mitano bila kuulizwa.

Sitaki kumpamba Gutmann kupita kiasi. Aliuogopa mno ulimwengu mpya wa miji na elimu ya Kizungu, wakati Wachaga wenyewe waliitaka elimu hiyo kwa ajili ya watoto wao. Katika suala la tohara alikuwa tayari kuivumilia na kuitafutia nafasi katika maisha ya Kikristo, lakini Wakristo wengi wa mlimani walisimama upande mwingine. Mgeni aliyezipenda mila zetu hakuwa na neno la mwisho juu ya nini cha kuwarithisha watoto wetu. Wenye watoto walikuwa na macho yao.

Na kazi hiyo haikuwa ya mmisionari mmoja. Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Sharika hazikufa. Walimu Wachaga na wazee wa kanisa waliendelea kufundisha na kuongoza ibada, wakasaidiwa kwa miaka michache na Walutheri wa Augustana kutoka Marekani, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Kizazi kizima cha watoto kilishikwa mkono na watu wa mtaani kwao, wenye shule ndogo na mishahara midogo. Mimi na wengi wenu tunaosoma kitabu hiki ni wajukuu wa kazi yao.

Kipaimara cha leo

Leo tuna vitabu vya mafundisho, walimu waliosomea, na majengo. Lakini kipaimara kimeanza kufanana na mahafali. Mwezi wa mwisho mazungumzo ni ya gauni, suti, keki na michango ya sherehe. Jumapili inayofuata viti vya mbele ni vitupu, na sisi tunasema, "Vijana wa siku hizi." Wengi wamekwenda shule za bweni, wengine wamefuata kazi mijini. Ukoo umetawanyika, majirani hawajuani, na rika limekuwa la darasani tu. Vifungo vile vitatu alivyovitegemea Gutmann vimelegea, nasi tumeendelea kusema "watoto wetu" kana kwamba bado vimekaza.

Nilimtafuta yule binti. Nilimkuta katika nyumba ya watu wema, Wakristo, waumini wa usharika mmoja mkubwa mjini. Walinikaribisha chai. Walikwenda kanisani kila Jumapili, na yeye alibaki akipika ili wakirudi wakute chakula. Hakuna aliyemkataza kwenda ibadani; hakuna pia aliyewahi kumuuliza kama amebatizwa. Nilimwambia kwamba tulimwita jina lake siku ya kipaimara. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Shikamoo yangu iwafikie wote, Baba Mchungaji. Lakini wakati mama amekufa hamkuja kuniuliza."

Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha. Wenye nyumba waliahidi kumruhusu aende ibadani, na mchungaji wa pale alipokea jina lake kutoka kwangu. Mpaka nilipohamishiwa chuoni kufundisha, binti huyo alikuwa hajarudi katika mafundisho. Namwombea, na namtaja hapa bila jina kwa sababu deni ni letu.

Usharika ule ulibadilisha mambo machache. Kila mtoto wa kipaimara aliandikwa katika daftari pamoja na majina ya watu wazima wawili wa mtaa wake. Wawe wawili, wala si mmoja, na mzazi au mlezi awajue, maana tunajua pia madhara yanayoweza kumpata mtoto aliyeachwa peke yake na mtu mzima mmoja. Watoto wenyewe waliwekwa watatu watatu kwa ujirani, na mwenzao asipofika mara mbili wanamwambia mzee wa mtaa. Msiba ukitokea, swali la kwanza la baraza la wazee baada ya mazishi likawa: watoto wanabaki na nani? Na anayehama anaondoka na barua ya kwenda kwa mchungaji mwenzetu. Watoto wanaofanya kazi katika nyumba za waumini nao waliingizwa katika daftari. Jambo hili lilileta maneno, kwa kuwa baadhi yetu tulilazimika kwanza kukiri kwamba tunao, na kwamba wengine hawakuwa na umri wa kuwa kazini bali shuleni.

Si mpango mkubwa, na mwaka wa kwanza daftari lilikuwa na nafasi nyingi zilizo wazi. Lakini lilituonyesha nafasi hizo, na hilo orodha yangu haikuweza kulifanya.

Yusufu na Mariamu walipogundua, hawakukaa kulaumiana na jamaa zao. Waligeuka na kurudi Yerusalemu wakimtafuta. Septemba ijayo, usharika utakapojibu tena "Ni wetu!", ningeomba kila mzee wa kanisa awe amekuja na daftari lake, na kabla watoto hawajaanza kuimba tuyasome majina yote, tusubiri baada ya kila jina, tuone ni nani anayesimama. Na pale asiposimama mtu, tuanze safari ya kurudi. Bwana atusaidie.