Ufito Mmoja, Watu Wawili

Asubuhi ya tarehe 2 Juni 1932, udongo wa wilaya ya Telfair katika jimbo la Georgia, Marekani, ulikuwa umelowa mno kulimika. George Perry alikuwa mkulima kijana, na miaka ile ilikuwa ya mdororo mkuu wa uchumi, wakati samaki wa mtoni alikuwa kitoweo kabla ya kuwa mchezo. Kwa kuwa shamba lilikuwa halishikiki, yeye na rafiki yake walikwenda kuvua katika Ziwa Montgomery, dimbwi lililoachwa na Mto Ocmulgee ulipobadili mkondo. Walikuwa na ufito mmoja wa kuvulia na chambo kimoja cha bandia. Ilibidi wapokezane: mmoja anarusha, mwingine anangoja zamu yake.

Zamu ilikuwa ya Perry pale mshipi ulipokaza. Inasimuliwa kwamba mwanzoni alidhani ndoano imenasa kwenye gogo, mpaka gogo lilipoanza kutembea. Samaki alipimwa dukani katika mji mdogo wa Helena: ratili 22 na wakia 4, yaani zaidi kidogo ya kilo 10. Alikuwa besi wa mdomo mpana, samaki wa maji baridi ambaye Wamarekani wanamhusudu kuliko karibu wote wengine. Perry alimpeleka nyumbani, familia ikamla. Hakuna aliyeifikia rekodi ile kwa miaka 77.

Leo mtu anayetaka kumvua besi huyohuyo anaweza kuingia dukani akakuta ufito mmoja unauzwa kwa dola 500 na zaidi, bila mshipi wala gurudumu la kuuzungushia. Ni rahisi kucheka. Ni rahisi pia kusema kwamba ghali ni bora, tukaishia hapo. Wahenga walituachia njia ya tatu: usione vyaelea, vimeundwa. Tukiangalia ulivyoundwa ufito, ndipo tutakapojua ni kipi katika bei hiyo kinastahili kulipwa.

Tuanze na daktari. James Henshall alichapisha mwaka 1881 kitabu kizima juu ya besi, wakati ambapo waungwana wengi walimwona trauti pekee kuwa samaki wa heshima. Wavuvi wa besi walitumia fito zilizotengenezwa kwa samaki wengine, ndefu na za kuchosha mkono. Henshall alidai kwamba besi anastahili ufito wake mwenyewe, mfupi na mwepesi, wa futi 8 na kidogo. Dai hilo linaonekana dogo, ila ndilo lililozaa duka zima la leo: wazo kwamba chombo kichaguliwe kwa kumwangalia samaki na namna anavyovuliwa, badala ya cheo cha mvuvi.

Ufito bora wa zama zile ulikuwa wa mwanzi, lakini si mwanzi uliokatwa tu na kufungwa mshipi. Fundi aliupasua, akauranda mpaka akapata vipande sita vyembamba vya pembe tatu, kisha akaviunganisha kwa gundi vikawa kitu kimoja chenye pande sita. Nguvu ya mwanzi iko kwenye nyuzi zilizo karibu na ganda. Kwa kuupasua na kuuunga upya, fundi alihakikisha nyuzi hizo zimekaa nje pande zote, na ule uwazi wa katikati umetoweka. Samuel Phillippe wa Easton, Pennsylvania, alikuwa miongoni mwa Wamarekani wa mwanzo kuifanya kazi hiyo, katikati ya karne ya 19. Baadaye Hiram Leonard wa jimbo la Maine alitumia mashine kukata vipande hivyo, na ufito wa mwanzi ukatoka kwenye meza ya fundi mmoja ukaingia kiwandani.

Mwanzi wenyewe haukuwa wa Marekani. Mwanzoni ulitoka India, ukaitwa wa Calcutta. Kisha ukaja ulio bora zaidi, ukaitwa wa Tonkin, jina la eneo la Vietnam, ingawa ulikua kusini mwa China, katika eneo dogo la Guangdong na jirani zake. Hivyo muungwana wa New York aliyejisifia ufito wake wa kienyeji alikuwa ameshika jasho la mkulima wa Kichina asiyemjua hata jina la mahali anapotoka. Mwishoni mwa 1950, Vita vya Korea vilipokuwa vimepamba moto, Marekani iliweka vikwazo vya biashara dhidi ya China. Mwanzi ukakatika. Mafundi wenye akiba waliendelea kwa kubana, na wengine wakafunga karakana. Vikwazo vilipolegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, soko la zamani halikuwepo tena.

Lilikuwa limechukuliwa na kioo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi aitwaye Arthur Howald alitengeneza fito kwa nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa utomvu wa plastiki, na kampuni ya Shakespeare ikaanza kuziuza katika miaka ya 1940. Ufito wa kioo haukuoza wala kupinda kwa unyevu. Uliweza kusahauliwa nyuma ya gari. Zaidi ya yote, ulitengenezwa kwa maelfu, na bei yake mfanyakazi wa kawaida aliimudu. Wapenzi wa mwanzi waliunung'unikia kwamba ni mzito na hauna roho. Manung'uniko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini yalitoka kwa watu ambao hawakuwahi kugawana ufito mmoja wawili.

Kisha ikaja kaboni, na hapa historia ya uvuvi inapita kwenye uwanja wa ndege. Katika miaka ya 1960, watafiti wa serikali ya Uingereza huko Farnborough walipata namna ya kutengeneza nyuzi za kaboni zenye nguvu kubwa na uzito mdogo sana. Rolls-Royce ikazitumia kutengeneza mapanga ya feni ya injini mpya ya ndege, RB211. Mwaka 1970 yalifanyiwa jaribio la kugongwa na ndege wa angani, na mapanga yakavunjika vipande. Kampuni ikarudi kwenye titani. Gharama za injini hiyo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoiangusha Rolls-Royce katika ufilisi tarehe 4 Februari 1971.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, kampuni ya Fenwick ya Marekani ilileta sokoni ufito wa kaboni. Kitu kilichoshindwa kumhimili ndege kilimfaa samaki vizuri ajabu, kwa sababu samaki huvuta, hagongi. Nyuzi za kaboni ni ngumu kukunjika kuliko za kioo kwa uzito uleule, kwa hiyo chache zinatosha. Ufito ukawa mwembamba na mwepesi, na mtetemo mdogo wa besi anayeonja chambo ukafika kiganjani, pale ambapo kioo kingeumeza njiani.

Lakini udhaifu ule wa Farnborough haukuondoka. Kila kiwanda kilipotafuta nyuzi ngumu zaidi ili kipunguze gramu chache, kuta za ufito zilizidi kuwa nyembamba. Ufito unaostahimili samaki wa kilo 5 unaweza kuvunjika kwa kubanwa na mlango wa gari, au kwa mkwaruzo uliopatikana jana na kusahaulika leo. Mnunuzi wa ufito wa bei kubwa mara nyingi halipii uimara. Analipia hisia, tena kwa sharti la kuutunza kama yai.

Aliyefanya hisia hiyo iwe na thamani ya fedha ni Ray Scott, wakala wa bima kutoka Alabama. Juni 1967 aliandaa mashindano ya kuvua besi katika Ziwa Beaver, Arkansas, na mwaka uliofuata akaanzisha chama cha wavuvi wa besi, B.A.S.S. Mwaka 1972 alianza kuwahimiza washindani wawarudishe samaki majini wakiwa hai. Angalia safari ilivyokwenda: miaka 40 tu baada ya familia ya Perry kumla samaki wake, besi alikuwa amekuwa pointi kwenye mizani. Kuumwa kumoja kusikohisiwa kuliweza kumkosesha mtu zawadi. Hapo ndipo gramu zilipopanda bei.

Mashindano hayohayo yalifundisha jambo ambalo wauzaji hawalitangazi kwa sauti. Juu ya mpini wa ufito wa kisasa kwa kawaida huandikwa nguvu yake, yaani uzito unaohitajika kuukunja, na mkunjo wake, yaani sehemu inayoanza kupinda. Kwa chambo laini cha mpira kinachoburutwa chini ya maji, ufito wa kaboni unaopinda karibu na ncha hufaa, kwa kuwa mvuvi anategemea kugusa. Lakini kwa chambo kigumu cha kuvutwa mbio, chenye ndoano ndogo za matawi matatu, ufito mkali humpokonya samaki ndoano kabla hajaifumba mdomoni. Kwa kazi hiyo wavuvi wengi wa kulipwa walirudi kwenye kioo kilekile cha babu zao, au mchanganyiko wa kioo na kaboni. Kitu cha bei ndogo kilikuwa bora, kwa sababu kilikuwa kizito wa kusikia.

Basi tahadhari na tarakimu. Jina kama IM6, linalochapishwa kana kwamba ni alama ya mtihani, lilianza kama jina la biashara la nyuzi za kampuni ya Hercules. Linakueleza aina ya uzi, halikuelezi utomvu uliotumika wala mkono uliouviringisha. Kizuri chajiuza: ushike ufito ukiwa na gurudumu lake, uone kama ncha inauelemea mkono, kisha ujiulize utarusha chambo cha uzito gani na utamtoa samaki katika magugu ya namna gani. Asiye na jibu la maswali hayo hana haja ya kulipa dola 500.

Swali hilo limewahi kufika hata kwetu. Mwaka 1929 besi aliletwa kutoka Marekani hadi Ziwa Naivasha, Kenya, kwa ajili ya burudani ya walowezi wenye fito. Ziwa lilikuwa na samaki mmoja tu wa asili, mdogo kama kidole, ambaye hajaonekana humo tangu miaka ya 1960. Kuanzia 1959 uvuvi wa kibiashara uliruhusiwa, na mgeni aliyeletwa kwa mchezo akaanza kunaswa kwa nyavu na kuuzwa. Mvuvi wa Naivasha mwenye nyavu hahitaji kuhisi mtetemo. Kwake besi amerudi kuwa alivyokuwa kwa Perry: chakula, na pesa ya chakula.

Rekodi ya Perry ilifikiwa tarehe 2 Julai 2009, katika Ziwa Biwa, Japani. Manabu Kurita alimtoa besi aliyezidi yule wa Georgia kwa chini ya wakia moja. Kanuni za kimataifa zinadai tofauti ya wakia 2, kwa hiyo wawili hao wanahesabiwa sawa. Huko Biwa nako besi ni mgeni, na mkoa wa Shiga umepiga marufuku kumrudisha majini aliyevuliwa, kwa kuwa anawamaliza samaki wa asili.

Kati ya rekodi hizo mbili umepita mwanzi, ukapita kioo, ikaja kaboni, na tofauti kwenye mizani haikutosha hata kuhesabiwa. Hiyo haimaanishi kwamba ufito mzuri ni bure. Anayevua kutwa nzima akirusha mara elfu atajua begani mwake gramu zilizopunguzwa zina thamani gani. Ila historia yake imejaa watu ambao bei haiwataji: mkulima wa mwanzi huko Guangdong, fundi aliyefunga karakana, na yule rafiki wa Perry katika Ziwa Montgomery, ambaye alikuwa na haki sawa ya ufito ule, na zamu yake haikuwa imefika.